Fundi Aliyeuviringisha Mpira wa Yai

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, jua likiwa bado halijapanda juu ya bati za soko kuu la Tabora, Fundi Alois Raymundi anavuta uzi wa katani juu ya donge la nta ya nyuki. Anauvuta mara moja, mara ya pili, mara ya tatu, mpaka uzi unashika rangi ya asali na kuanza kunata vidoleni. Ndipo anapochukua msharasi, anatoboa ngozi, na kupitisha sindano mbili katika tundu moja, kila sindano ikitokea upande wake.

Katikati ya magoti amebana kitu ambacho mpita njia akikiona hugeuka kukitazama tena. Ni mpira, hilo halina ubishi. Una ngozi, una mishono, una mdomo wa kufungia kamba. Lakini umechongoka huku na huku kama yai lenye ncha mbili.

"Shikamoo, fundi," anasema mama mmoja aliyejitwika kapu la karanga. "Huo nao umepatwa na nini?"

"Marahaba, mwanangu. Huu ni mzima," anajibu Alois bila kuinua kichwa. "Ulikatwa hivyo hivyo."

Mama anaguna, anaendelea na safari yake. Alois naye anaendelea na mshono, maana leo ni Jumatano, na Ijumaa mpira huu unatakiwa uwe posta. Unakwenda Australia. Utapigwa mwezi wa tisa, katika uwanja wa mji mdogo wa wakulima wa ngano ambao yeye hajauona na hatarajii kuuona.

Alois ana umri wa miaka hamsini na minne. Alizaliwa Lusu, wilaya ya Nzega, lakini kazi ya ngozi aliifuata kwa babu yake Kwihara. Mzee huyo katika ujana wake alikuwa mpagazi wa misafara ya pwani, na mabega yalipomshinda akageuka kuwashonea wenzake viatu na mito ya kuwekea mizigo begani. "Babu alikuwa akisema mshono mbaya unamjua mwenye bega," anasimulia Alois. "Mimi nikaja kujua kuwa hata mwenye mguu anaujua."

Mipira ilianza kumletea riziki miaka ya karibuni, mipira ya kutoka nje ilipoadimika madukani. Shule za mjini na vijiji vya ujamaa vya jirani vyote vina timu, na timu zote zinachezea mipira ya ngozi inayofumuka. Kushona mpasuko hutoza shilingi mbili. Kwa kazi hiyo na viraka vya viatu, yeye na mkewe Katarina wamesomesha watoto wanne.

Jina lake, hata hivyo, halikujengwa na viraka. Lilijengwa na masika. Kila mvua zinapokwisha, mipira iliyolowa uwanjani na kuanikwa juani hurudi imevutika, mirefu, imevimba upande. Alois ndiye aliyejua kuirudisha. Huifumua, hupunguza ngozi palipozidi, huziba kwa kiraka, na mpira hutoka duara. Tabora nzima ilikuwa haina mwingine. Kwa hiyo asishangae mtu kwa yaliyotokea mwaka 1971.

Mwaka huo, mwezi wa tano, mjumbe wa shule moja ya mjini alimletea mpira uliofumuka ubavuni. Alisema ni wa Bwana Kolini, mwalimu wa kujitolea kutoka Australia, na ujumbe ulikuwa mfupi: umeharibika, utengenezwe vizuri. Alois aliutazama. Masika yalikuwa yamekwisha majuzi tu. Mpira ulikuwa mrefu kuliko wowote aliowahi kuletewa.

"Nilimhurumia," anasema. "Nikajiambia, huu umenyeshewa mpaka basi."

Katarina, aliyekuwa amemletea uji, aliuchukua, akaugeuza, akauliza swali moja. "Baba Bernardo, una hakika huu ni mgonjwa? Mbona umevutika sawasawa pande zote mbili?"

"Nilimjibu kwamba mimi ndiye fundi," anasema Alois, na hapo anaacha sindano kwa muda. "Ndivyo nilivyomjibu."

Alifanya kazi siku tatu. Alikata ncha zote mbili, vipande vinne huku na vinne huku, akaziba mahali pake kwa viraka viwili vya mviringo, akaubana, akaugongagonga kwa ubao, akaujaza upepo. Ukatoka duara safi. Anakiri mpaka leo kwamba hajapata kuona kazi ngumu kama ile ikamtii namna ile. Aliurudisha kwa mjumbe na kifua mbele.

Kesho yake Bwana Kolini alikuja mwenyewe kwenye baraza anaposhonea Alois, ameushika mpira kwa mikono miwili. Alikuwa kijana mrefu mwenye Kiswahili cha kukwamakwama. Hakugomba. Aliuliza tu, "Ncha ziko wapi?"

Fundi ngozi hatupi kipande. Alois alivuta debe lake la mabaki, akamwaga, wakaanza kutafuta pamoja kati ya visigino na ndimi za viatu mpaka vipande vinane vikapatikana. Mwalimu alivipanga juu ya goti. Akaanza kucheka, na watu barazani wakacheka naye, mpaka walipogundua kuwa amekwisha kuacha kucheka na machozi bado yanatoka.

Mpira ulikuwa wa baba yake. Baba alikuwa ameuchezea katika timu ya mji wao, akamwachia mtoto, kisha akafariki mwaka mmoja kabla ya mtoto kuja Tabora.

"Niliona haya ambayo sijawahi kuyaona," anasema Alois. "Kumharibia mtu kitu kwa uzembe, hilo unaomba radhi. Mimi nilikiharibu kwa ufundi wangu wote."

Alizirudishia ncha zile, kipande kwa kipande. Mpira ukawa tena na umbo lake, lakini una makovu shingoni pande zote mbili, na tangu siku hiyo ukipigwa hupinda kushoto. Mwalimu alisema hakuna neno. Alois alisema neno lipo, na kwamba hatapumzika mpaka amshonee mwingine unaokwenda sawa.

Huo ndio mwanzo wa mchezo ambao watu wa Itetemia, pembeni mwa mji, wanauita mpira wa yai. Kushona kitu usichokijua matumizi yake ni shida, kwa hiyo Alois alimwomba mwalimu amwonyeshe. Mwalimu alisimamisha miti minne kila upande, miwili mirefu katikati na miwili mifupi pembeni. Ukipitisha mpira katikati kwa mguu unapata pointi sita. Ukipita pembeni unapata moja. Kuutupa ni kosa. Mwenzako unampa kwa kuupiga ngumi. Anayeudaka hewani ukitoka mguuni kwa mtu hupewa nafasi ya kupiga kwa utulivu, na hakuna ruhusa ya kumgusa.

Jamii ya barazani ililipokea jambo hili kwa udadisi mkubwa na ubishi mkubwa zaidi. Twalibu, fundi mitambo wa reli ambaye Jumamosi huwa mwamuzi wa mpira wa kawaida, aliikataa pointi moja tangu siku ya kwanza. "Umekosa goli, halafu unapewa zawadi," anasema. "Hiyo ni huruma, si mchezo."

Mwenye baraza, Thuwaini bin Nasor, ana mawazo mengine. Duka lake la vitambaa, alilorithi kwa baba yake, lilifungwa mwaka huu, maduka ya ushirika yalipochukua biashara. Sasa ni karani katika duka la ushirika lililo mtaa wa pili, lakini baraza amewaachia wazee wenzake. "Mimi naipenda ile moja," anasema. "Mtu amejitahidi, amekaribia. Kwa nini aende nyumbani mikono mitupu?"

Bwana Kolini aliondoka mwaka 1973. Mpira wa baba yake aliuacha Itetemia, akisema mzee angependa upigwe kuliko kutundikwa ukutani. Tangu hapo, kila baada ya miezi michache hutuma kifurushi cha kurasa za magazeti ya Melbourne, na Mwalimu Imakulata wa shule ya msingi Itetemia huja barazani kuwasomea kwa Kiswahili.

Mtu angedhani wanachongojea ni matokeo. La. Matokeo hupitiwa haraka, maana vifurushi huja kwa meli na mechi zenyewe zimekwisha zamani. Kinachowakalisha barazani mpaka chai inapoa ni barua za wapenzi wa mpira.

"Hawa watu wanalalamika kama sisi," anasema Imakulata, akizifungua kurasa juu ya goti. "Mmoja anasema uwanja mpya uko mbali, una matope. Mwingine wachezaji siku hizi wanafuata fedha, hawapendi timu. Mama mmoja hataki mpira uchezwe Jumapili, mume wake amekwisha kuacha kanisa."

"Huyo mama yuko sahihi," anasema Alois.

"Wewe mwenyewe Jumapili unakwenda misa ya kwanza ili uwahi uwanjani," anasema Thuwaini.

"Lakini nakwenda."

Suala la mwaka huu ni moja tu. Melbourne wameanza kutumia waamuzi wawili uwanjani badala ya mmoja, na kwa barua zinavyosomeka, mji umegawanyika. Imakulata anasoma ya mzee mmoja wa miaka sabini na moja, anayesema maisha yake yote alijua wa kumzomea, na sasa hajui amzomee yupi. Baraza linacheka, isipokuwa Twalibu, ambaye kwa kazi yake ya Jumamosi hukosa raha mtu akitaja kuzomewa. Msomaji mwingine anasema uwanja ule ni mkubwa mno kwa macho mawili. Mtu mmoja akikosea, nani atamwambia?

Thuwaini na Imakulata wanataka wawili. Twalibu anataka mmoja, na sababu yake haifichi. "Filimbi mbili uwanjani ni nyumba yenye funguo mbili na mlango mmoja. Kila mtu atasema nilifunga mimi."

Aliyekuwa mkali kuliko wote ni Alois. Tangu habari hizi zifike mwezi wa sita hajayumba. Kazi moja, anasema, mtu mmoja. Mafundi wawili wakishona mpira mmoja mshono hauwezi kukutana. Mara mbili amemtaka Imakulata aandike msimamo wake kwenye barua ya Bwana Kolini, ili naye apeleke kwenye gazeti.

Barua iliyorudi ilikuwa na jambo jingine. Bwana Kolini aliandika kwamba timu ya mji wao imeamua kucheza mechi ya kumkumbuka baba yake, na kwamba yeye amewaambia habari za fundi wa Tabora. Wanaomba awashonee mpira wa siku hiyo. Ndani ya soksi aliambatanisha mpira wa ndani wa kujaza upepo, umekunjwa, ili fundi asisumbuke kuutafuta. Akaongeza: tafadhali andika jina lako juu ya ngozi, mahali pa kuonekana.

Wiki tatu Alois hakulala vizuri. Amekwisha kushona mipira sita ya yai kwa miaka mitano, na yote aliiona ina kasoro. Wa kwanza uliteguka. Wa pili ulikunywa maji. Kwenye wa tano ndipo alipogundua kuwa kipande kimoja alikikata kwenye ngozi ya tumbo, inayovutika kuliko ya mgongo, na mpira ukawa unayumba. Wa sita vipande vyote vilikuwa vya mgongo, lakini viwili alivikata kwa urefu wa ng'ombe na viwili kwa upana.

Huu wa saba vipande vyake vinne vimetoka mgongoni mwa ng'ombe mmoja, vimekatwa kwa kufuatana, vyote vikielekea kichwani. Ngozi aliiloweka mwenyewe katika maganda ya miti. Vipande vinane vya zamani, ambavyo alivichora juu ya ubao kabla ya kuvirudishia mwaka ule, ndivyo vilivyompa umbo la ncha.

Saa nane mchana mshono wa mwisho unafungwa. Saa kumi jioni, Itetemia, watu wapatao thelathini wamekwisha kukaa kwenye nyasi. Alois anamkabidhi Twalibu mpira, anajitenga hatua kadhaa, na kuupa uwanja kisogo.

"Huangalii?" anauliza Katarina, aliyekuja moja kwa moja kutoka shambani na jembe lake.

"Nitasikia."

Twalibu anaudundisha mara mbili, anahesabu hatua arobaini kutoka kwenye miti, anapiga. Kishindo cha ngozi kinasikika, kisha kimya, kisha sauti za watu. Umepita katikati. Anapiga wa pili, wa tatu, wa nne. Alois bado amewapa kisogo, lakini vidole vyake vinahesabu.

Baada ya pigo la sita, Thuwaini anataka zamu yake. Ana miaka sitini na mbili. Anavua viatu, anakusanya kanzu mkono mmoja, anapiga, na mpira unaingia shamba la mihogo upande wa kulia.

"Hapo kosa ni la mguu," anasema Twalibu, "usihesabiwe."

Pigo lake la saba linapita, la nane linapita. La tisa linapinda kushoto, linagonga mti mfupi. La kumi linapita.

Alois amegeuka. Uso umembadilika. Kushoto ndiko unakopindia ule wenye makovu. Anakwenda mpaka kwa Twalibu, anauchukua mpira, anaupitisha viganjani kama daktari anayetafuta uvimbe.

"Lile la tisa," anasema.

"Lilikuwa mguu wangu. Niliteleza."

"Una hakika?"

"Mwamuzi akisema amesema, fundi."

Alois anageuka kuelekea kwenye miti, ambako Imakulata alikuwa amesimama nyuma kuokota mpira. Anainua sauti. "Mwalimu. Wewe uliuona ukija. Ulikuwa unayumba, au ulipigwa vibaya?"

Uwanja mzima unasikia. Thuwaini ndiye wa kwanza kuelewa, na anakaa chini kwenye nyasi kwa kucheka. "Jamani, shuhudieni," anasema. "Fundi Alois ametafuta mwamuzi wa pili."

Twalibu naye anacheka, kwa shida. Alois hacheki. Anamsubiri Imakulata atembee umbali wote ule mpaka afike.

"Ulikuwa unazunguka sawasawa, Mzee Alois, kama mara nyingine zote," anasema Imakulata. "Ulianza kushoto tangu mguuni. Mpira hauna kosa."

"Vizuri," anasema Alois. Halafu anamtazama mkewe, ambaye ameegemea jembe. "Mama Bernardo. Na wewe je?"

Katarina anaupokea mpira. Anaugeuza polepole, ncha ya kwanza, ncha ya pili, kama alivyougeuza ule mwingine miaka mitano iliyopita. Anachukua muda wake wote.

"Huu ni mzima," anasema.

Wakati wanarudi mjini kwa miguu, Alois anamwomba Imakulata afute ule msimamo wake kuhusu waamuzi, kama bado haujatumwa. Waandike kwamba fundi wa Tabora amebadili mawazo na sasa anataka wawili. Sababu wasiiulize. "Siku ile ya mwaka sabini na moja nilikuwa naye wa pili, yule aliyeniletea uji," anasema. "Nikampulizia filimbi."

Alhamisi jioni mpira umetolewa upepo, umelainishwa kwa mafuta, umekunjwa ndani ya khanga kuukuu ya Katarina na kushonewa gunia. Jina la fundi limo, kama lilivyoombwa, lakini si mahali pa kuonekana. Ameliandika kwa chuma cha moto upande wa ndani, chini ya mdomo wa kamba. Asubuhi gunia litapelekwa posta, na kutoka hapo gari moshi litalishusha pwani, njia ile ile aliyopita babu yake na mzigo begani.

Kwa nini ndani? Alois anasema atakayeliona ni fundi mwingine, siku mpira utakapofumuka na kufunguliwa, na huyo ndiye wa kuzungumza naye.

Mipango yake? Anataka kuwashonea Itetemia mipira miwili ya yai kabla ya masika. Ule wenye makovu utaendelea kuchezwa. Watu wamekwisha kuuzoea kupinda kwake na huulenga kulia kidogo. Na mwezi wa kumi au wa kumi na moja, meli ikijaliwa, kitakuja kifurushi cha magazeti, na Bwana Kolini ameahidi kutia humo kurasa za gazeti dogo la mji wao la wiki ile ya mechi, pamoja na barua zote za wapenzi.

Hapo ndipo anapoogopa. Wale watu ni wakali, anasema. Ameisikiliza barua baada ya barua kwa miaka mitatu. Wameandika juu ya waamuzi, juu ya viwanja, juu ya bei ya kiingilio, juu ya matope, juu ya waume zao na Jumapili.

"Lakini nimesikiliza vizuri," anasema, akifuta nta vidoleni. "Katika barua zote zile, hakuna hata mtu mmoja aliyetaja mpira wenyewe. Maana yake fundi wao ni mzuri. Kwa hiyo nitakaa hapa, Mwalimu atasoma zote, kuanzia ya kwanza mpaka ya mwisho, na mimi nitakuwa naomba Mungu nisitajwe."